Shajara ya banda la uani, Nyegezi: makoo watatu na vifaranga wa kununua

Machi 2023

Banda limekamilika, ukiacha mlango. Limekaa upande wa juu wa kiwanja, kwenye mteremko wa kushukia Luchelele, katikati ya mawe mawili ambayo hakuna nyundo ya kuyaondoa. Mwanza jiwe ndilo linalochora ramani, fundi anafuata. Kwa hiyo urefu ni mita 3 na upana mita 2.4, yaani mita za mraba saba na kidogo. Ukiweka kuku wanne kwa kila mita ya mraba wanakaa 28 bila kudonoana. Ukijaza zaidi unafuga ugomvi.

Mbao ni mabanzi ya paina, bati ni za zamani, sakafu ni sementi nyembamba iliyomwagwa juu ya mwamba. Juu yake maranda. Seremala akifuga kuku ana faida hiyo moja kubwa, maranda hayamwishii. Natumia yale mapana yanayotoka kwenye randa. Vumbi la msumeno linaziba pua za vifaranga, na mbao iliyopakwa dawa ya mchwa maranda yake hayaingii bandani kabisa.

Madirisha nimeyaziba kwa wavu wa chuma wa matundu madogo. Ule wavu mwepesi wa matundu makubwa unamzuia kuku asitoke, lakini kicheche anapitisha mkono usiku na asubuhi unakuta kuku hana kichwa. Mawe haya ya kwetu yamejaa pimbi, nguchiro na nyoka. Wote walikuwa hapa kabla yangu.

Wenyeji wa banda ni makoo watatu, yaani majike wa kuatamia, wote kienyeji. Mama aliwaleta kutoka mji wa Ngudu, Kwimba, ndani ya tenga, juu ya basi. Wanangu Kulwa na Doto wamewapa majina siku hiyo hiyo: Kishingo, ambaye shingo yake haina manyoya, Kidimu, ambaye manyoya yake yamejikunja kurudi nyuma, na wa tatu, mwekundu, mkubwa kuliko wote, wakamwita Ngudu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hawa walifungwa chini ya mwembe mpaka walipojua mlango wa banda uko wapi. Jogoo ni kuchi, miguu mirefu, nimemnunua Mkolani.

Mama aliangalia banda, akaangalia na karatasi yangu ya hesabu, ambayo ilikuwa na vifaranga 50 wa chotara, trei za mayai kwa wiki na jina la kijana wa chipsi mayai wa stendi. Makoo wake hawakuwemo. Akasema: "Mwanangu, hawa usiwachinje. Hata akija mkwe."

Aprili 2023

Vifaranga 50 wamefika kwa basi kwenye maboksi yenye matundu, wa siku moja. Safari ndefu hawaioni shida, kwa sababu kifaranga anapototolewa anakuwa na akiba ya kiini tumboni inayoweza kumfikisha siku mbili, hata tatu. Kitu cha kwanza wakifika ni maji yenye glukosi kidogo. Chakula baadaye.

Nimewagawa. Thelathini wameingia kwenye bruda, ishirini wamekwenda kwa makoo.

Bruda nimeitengeneza kwa plaiwudi nyembamba iliyokunjwa duara. Ikiwa na pembe, vifaranga wakisikia baridi wanarundikana kwenye kona na wa chini wanakufa kwa kukosa hewa. Katikati kuna chungu chenye mkaa. Wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35, halafu unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki mpaka manyoya yawatoshe. Kipimajoto ninacho, lakini vifaranga wenyewe wanasema zaidi: wakijikusanya karibu na chungu wanasikia baridi, wakikimbilia ukutani ni joto, wakisongamana upande mmoja kuna upepo unapenya, wakitawanyika na kulalia ubavu uko sawa. Matundu ya juu ya chumba hayafungwi hata usiku wa mvua. Gesi ya mkaa haina harufu, na inaua mfugaji pamoja na mifugo.

Upande wa makoo ilikuwa kazi ndogo. Ngudu na Kishingo walikuwa wameatamia tangu katikati ya Machi, na chini yao niliweka mayai ya mbao niliyochonga kwa vipande vya mkangazi. Kuku haangalii rangi. Akisikia kitu laini, cha mviringo, chenye uzito, anakaa. Vifaranga walipofika nilisubiri giza liingie, nikatoa yai la mbao kwa mkono mmoja na kuingiza kifaranga kwa mkono mwingine, moja moja, bila taa. Kumi kwa kila koo. Mpango huu unataka vifaranga wachanga sana, wa siku moja au mbili, na koo aliyekwisha kukaa wiki mbili au zaidi. Kifaranga wa wiki nzima anajua kukimbia, na koo anajua kwamba si wake.

Asubuhi Ngudu alikuwa anawaita wote kumi kwenye chenga za mahindi. Kishingo alimdonoa mmoja mweusi kwa muda, kisha akamsahau.

Mama Kulwa anahesabu mkaa. Bruda inakula kopo baada ya kopo usiku na mchana, na mtu lazima aamke usiku kuongeza. Kwa makoo hesabu hiyo haipo. Mpaka leo nimepoteza vifaranga wanne kwenye bruda, na mmoja kwa Kishingo, aliyekanyagwa.

Mei 2023

Chanjo zimekwenda kwa ratiba: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28. Ndui itafuata wakifika wiki ya sita au ya saba, ile ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa. Za maji nimetumia maji ya kisima, kwa sababu maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua chanjo kabla haijafika kooni. Unawanyima maji kwa saa mbili hivi ili wawe na kiu, kisha unawapa kiasi watakachomaliza ndani ya saa mbili. Makoo wanakunywa pamoja nao, hakuna ubaya.

Mvua za wiki nzima zimeleta kuhara damu kwenye bruda. Maranda yaliyozunguka vyombo vya maji yalilowa, na vijidudu vya ugonjwa huu vinapenda hapo hapo, penye joto na unyevu. Nimewapa amproliamu kwenye maji, nimeondoa maranda yote, nimeinua vyombo vya maji juu ya kichanja cha fito ili matone yadondoke chini. Wamekufa wawili, wengine wamesimama.

Wale wa makoo hawakuugua. Sidhani kama ni bahati. Wanatoka nje, wanatembea, wanaokota vijidudu kidogo kidogo kila siku na mwili unajifunza kupambana navyo. Wa bruda wamelala juu ya kinyesi chao wenyewe na wakapata mzigo wote kwa mpigo.

Juni 2023

Mwewe. Mji huu una mwewe kuliko miji mingi, kwa sababu ya utumbo na mapanki ya samaki, na samaki wakipungua mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, wanapanda huku juu kuangalia tuna nini.

Nimewafungulia vifaranga wote, wa bruda na wa makoo, na tofauti imeonekana siku hiyo hiyo. Kivuli kikipita, Ngudu anatoa sauti moja fupi ya kooni, na kabla sijainua kichwa vifaranga wake wako chini ya majani ya maboga. Wale wa bruda wanasimama kutazama. Wiki moja, watatu wameondoka. Wahenga walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, na kweli hawa wa bruda wanachakura vizuri sana bila kufundishwa na mtu. Ila mwewe anafundishwa.

Nimenunua nyavu kuukuu za dagaa mwaloni na kuzitandaza juu ya uwanja, kutoka kwenye jiwe hadi kwenye mwembe hadi kwenye paa. Zimezeeka kwa samaki, kwa mwewe zinatosha. Baada ya hapo wa bruda wameanza kuwafuata wenzao na nao sasa wanakimbia, japo wa mwisho.

Julai 2023

Kideri kimeingia mtaani. Kwa kawaida kinakuja kipindi hiki cha kiangazi na upepo. Mama Kabula alisimama kwenye uzio akaniita: "Baba Kulwa, kuku wangu wananing'iniza mabawa, na kinyesi ni kijani." Wengine walikuwa wamepinda shingo tayari. Ukishaona hivyo chanjo haisaidii tena. Alibaki na kuku wachache sana.

Wangu walikuwa wamechanjwa. Hata hivyo nimefunga geti, sipokei kuku wala tenga la mtu, na viatu vya karakana haviingii bandani. Lililoniudhi ni kwamba kuku wagonjwa wa mtaa huu walifungwa miguu wakapelekwa sokoni siku ile ile, na huko walikonunuliwa ndiko ugonjwa ulikohamia. Kila mwaka ni hivyo, na kila mwaka watu wanasema ni upepo.

Tumekubaliana majirani kununua chanjo ya kideri iitwayo I-2 kwa mchango. Inatengenezwa hapa hapa nchini, inastahimili joto kuliko zile za zamani, na ni tone moja tu jichoni kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ukiifungua haingoji. Ndiyo maana mtu wa kuku watano huona gharama na kuacha. Tukiwa nyumba sita ni hela ya vocha. Tarehe nimeziandika kwa chaki nyuma ya mlango wa karakana, na Kulwa ndiye mshika chupa.

Oktoba 2023

Mayai. Mitetea wa chotara walianza mwishoni mwa Septemba. Pora wote wameshauzwa au kuliwa, nimebaki na majike 19 wa chotara pamoja na makoo watatu na jogoo. Kijana wa chipsi mayai anachukua trei na hajalalamika.

Chakula nachanganya mwenyewe. Kwa kilo 100 hivi: pumba za mahindi 37, mahindi ya kuparaza 25, mashudu ya alizeti 18, dagaa 10, chokaa 7, unga wa mifupa 2, chumvi nusu kilo na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) robo. Ni chakula cha wanaotaga tu. Chokaa yote hiyo kwa kifaranga inaharibu figo. Mashudu ya pamba ni rahisi zaidi hapa Usukumani, lakini yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba, na yai likikaa siku kadhaa kiini kinageuka kijani chafu. Mteja akivunja yai la namna hiyo mbele ya watu hutamwona tena. Mahindi yenye ukungu hayaingii hata kama ni ya bure. Sumukuvu haionekani kwa macho na haitoki kwa kuanika.

Dagaa ndio wanaonisumbua, na kalenda yake iko angani. Wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti, mitumbwi inapumzika, na pale mwaloni Kirumba bei inapanda. Kwa hiyo nanunua giza linapoelekea kwisha, magunia yakiwa yamejaa, na ninaweka akiba ya kuvuka mbalamwezi. Dagaa wa kuku wengi huanikwa mchangani. Kabla ya kulipa natia kiganja kimoja kwenye ndoo ya maji na kuangalia mchanga unaotuama chini. Muuzaji anayekataa ndoo amekwisha kunijibu.

Januari 2024

Mgao wa umeme umewatesa wenye mashine za kutotolea. Mtaa wa pili mtu ametupa mayai viza ndoo nzima. Kidimu ameatamia mayai 12 kipindi hicho hicho, ametotoa 11, hajui mgao ni nini. Nusu ya vifaranga wamejikunja manyoya.

Mei 2024

Masika hii ziwa limepanda sana. Matete ya ufukweni yamezama, njia ya kwenda mitumbwini imekuwa maji, na wanyama waliokuwa wanaishi huko chini wamehamia kwetu. Kenge mmoja nimemwona mara kwa mara juu ya jiwe la chini, anaota jua kama mstaafu.

Kenge haji usiku. Anakuja saa sita, saa saba mchana, wakati watu wako kazini na kuku wamelala kivulini. Aliingia kwa tundu la kutolea maji ya mvua. Ngudu alikuwa na vifaranga 11 wa wiki mbili na hakukimbia. Mama Kabula alisikia kelele, akaja na mwiko mkononi, akamkuta kenge ameng'ang'ania bawa la Ngudu na vifaranga wametawanyika. Kenge alitoka na bawa nusu. Vifaranga wanane walipatikana, mmoja ndani ya kiatu cha mvua.

Ngudu asingepona. Nilimwita Mzee Juma akamchinja jioni ile kabla hajafa mwenyewe, ikawa supu, ikachemshwa saa nyingi maana alikuwa kuku mzima kweli. Doto hakula. Mama nilimpigia simu, na swali lake la kwanza lilikuwa vifaranga wanalala wapi.

Wanalala kwenye boksi na chungu cha mkaa. Kishingo hakuwa ameatamia, na koo ambaye hajaatamia humwambii kitu kuhusu watoto wa mwenzake. Anawafukuza kama kunguru. Tumerudi kuamka usiku. Mama Kulwa alikaa na daftari la matumizi akaandika "mkaa" kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, akapigia mstari.

Tundu la maji nimeliwekea nondo.

Septemba 2024

Nimeanza kuona kitu ambacho kwenye karatasi yangu ya kwanza hakikuwepo. Majike 19 wa chotara, karibu mwaka mzima wa kutaga, na hakuna hata mmoja aliyeatamia. Yai linatoka, kuku anatetea kidogo, anaondoka. Wamezalishwa hivyo. Kuku anayeatamia anaacha kutaga, kwa hiyo wazalishaji wa mbegu wamewachuja wenye tabia hiyo kizazi baada ya kizazi. Kwa mayai ya kuuza ni sawa kabisa. Lakini kila kundi jipya hapa kwangu limekuzwa na wale kuku watatu waliotoka Ngudu kwa Mama, na sasa wamebaki wawili.

Mmoja na nusu, niseme. Kidimu tumbo limejaa, amesimama wima na anatembea miguu imetanuka. Bwana mifugo wa kata alimgusa na kusema ni viini: badala ya kuingia kwenye mrija wa uzazi vinadondoka tumboni na kuoza humo. Inawapata zaidi majike waliotaga muda mrefu. Dawa ya kupunguza siku chache ipo, ya kuponya kwa kuku wa umri huu hakuna. Alisema pia kwamba nyama yake haifai, na dawa nikiitumia mayai ya banda zima yatakuwa na mashaka. Nilimmaliza mwenyewe. Nilimpasua ili nijue, nikakuta maji ya njano na vipande vya viini vilivyoganda, vingine ukubwa wa limau.

Kuzika hapa kwetu ni maneno tu. Ukichimba kina cha kiganja unagonga mwamba, na kaburi la kina kifupi ni chakula cha nguchiro. Mzoga nauchoma kwenye pipa kwa maranda na mabanzi mpaka ubaki majivu.

Kwa hiyo kazi ya miezi hii ni kupata warithi wa Kishingo. Hapa maumbile yamesaidia. Shingo tupu inarithiwa kwa nguvu, mzazi mmoja akiwa nayo inatosha, na jogoo wangu kuchi ana manyoya shingoni. Maana yake kifaranga yeyote anayetoka na shingo tupu ni wa Kishingo, hata kama yai lilichanganyika na mengine kwenye kiota. Sihitaji alama wala pete. Mitetea wa shingo tupu hawauzwi, hata mnunuzi akiwa na haraka.

Machi 2025

Chotara wa kwanza wana karibu miaka miwili. Walipukutisha manyoya mwishoni mwa mwaka, wakasimama kutaga, wakarudi wachache. Mayai yao sasa ni makubwa na ganda jembamba. Kijana wa chipsi anayapenda kwa ukubwa, lakini trei ikifika stendi mawili matatu yamepasuka.

Chakula hakiangalii kama kuku anataga. Anayetaga anakula kama gramu 120 kwa siku, na asiyetaga naye anakula, tena kwa utulivu zaidi. Nimewapima mmoja mmoja usiku kwa vidole, kati ya mifupa miwili ya nyonga iliyo karibu na njia ya yai. Vikipita vidole viwili au vitatu anataga. Kikipita kimoja kwa shida ameacha. Waliofeli wameuzwa wiki ya mwisho kabla ya Idd, ambapo hata kuku mgumu ana mteja. Mchuuzi aliwaita "waliochoka" akitaka kushusha bei. Nilimwambia achoke yeye, bei ni hiyo. Wamebaki chotara tisa.

Watu wananiuliza mbona Kishingo simpimi. Ametaga kidogo mwaka huu kuliko yeyote. Ila ameatamia Desemba na Februari na kutoa vifaranga 21 bila kipande cha mkaa, na nikigeuza hiyo kuwa fedha hakuna chotara anayemkaribia. Daftari la mayai peke yake lingemuuza mapema.

Julai 2025

Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni, na pumba kutoka Sengerema hazingoji tena kivuko. Bei imeshuka kidogo. Wenye malori wanasema itashuka zaidi. Wenye malori wanasema mengi.

Miguu ya Kishingo imeota magaga, magamba yameinuka na kuwa meupe. Ni vijidudu vinavyochimba chini ya gamba. Namwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nasugua kwa mswaki wa zamani, nampaka mafuta mazito ili vikose hewa, kila wiki. Akilala fito moja na wenzake atawaambukiza, kwa hiyo fito zote zimepakwa mafuta machafu ya injini na kuachwa juani siku kadhaa kabla ya kurudishwa. Kuku anayeatamia naye ana tatizo lake, utitiri, kwa sababu amekaa mahali pamoja wiki tatu. Majivu kwenye kiota kabla hajakaa, na majani yanachomwa akishatotoa.

Mitetea wa shingo tupu ni wanne. Wawili wamejaribu kuatamia. Mkubwa alikaa wiki mbili akanyanyuka, mayai tisa yakawa viza, siku ambayo nilikuwa na wateja karakana na harufu ilifika kabla yao. Wa pili alimaliza siku 21 na kutotoa saba kati ya kumi. Kuku wa mara ya kwanza ndivyo walivyo, na sasa sheria ya banda ni kwamba mwanafunzi anaanza na mayai ya mbao. Akikaa wiki mbili bila kuhama, usiku unamletea vifaranga.

Novemba 2025

Kishingo amekufa mwishoni mwa Septemba. Hakuhara, hakukohoa, uzito ulikuwa unapungua tangu Agosti. Nilimpasua kama Kidimu: ini limefifia, mafuta yamekwisha, hakuna uchafu wala viini vilivyodondoka. Umri. Pipa na maranda.

Mama ameahidi kuku mwingine kutoka Ngudu. Nimempokea kwa maneno na masharti: atakaa kwenye tenga lake karakana wiki mbili kabla ya kuwaona wenzake, na tone la I-2 jichoni kwanza. Mama alicheka akasema siku hizi kuku wana pasipoti.

Oda ya vifaranga 30 imelipwa, wanafika wiki ijayo. Binti wa pili wa Kishingo yuko juu ya mayai ya mbao tangu mwanzo wa mwezi na amemdonoa Doto mkono hadi damu, dalili nzuri. Yule mkubwa amekaa pia, lakini kila jua likiwa kali anatoka kwenda kuoga vumbi na kuchelewa kurudi. Nitampa vifaranga watano tu, mwenzake kumi na mbili, na waliobaki wataingia bruda. Plaiwudi imeshushwa kutoka darini, chungu kimepatikana, na gunia la mkaa nimenunua jana.